Seti Tatu za Makochi na Kitanda cha Mama

Mtu anaweza kuyalinda makochi kama yai. Kama hukubali, ungemwona Dada Mkubwa siku lori lilipokuwa linapanda mlima. Dereva alimbembeleza akae mbele, kuna kiti, kuna kioo, kuna redio. Akakataa katakata. Alipanda nyuma, akajibana katikati ya makochi yake, mkono huu kwenye kamba, mkono ule umekumbatia furushi la mapazia, na kila lori lilipoyumba konani alipaza sauti: "Polepole wewe! Umebeba mahindi?"

"Mahindi hayapigi kelele, mama!" dereva akamjibu kupitia dirishani, naye akazidi kukanyaga mafuta.

Makochi yenyewe, jamani, acha tu. Mahameli rangi ya maziwa, mito ya kukalia minene hata ukikaa unasahau ulichokuja kusema, miguu ya mbao iliyochongwa ikang'arishwa. Bado yalikuwa yamevaa nailoni ya dukani, na Dada aliapa nailoni ile haitoki mpaka mama yao avuke kizingiti. Mapazia nayo mahameli, rangi ya damu ya mzee, mazito, yenye bitana nyeupe ya pamba kwa nyuma. Aliyashona mwenyewe jioni baada ya jioni, kwa kupenda. Hakuna aliyemwambia.

Sasa, ili uelewe kwa nini mtu mzima na heshima zake apande nyuma ya lori, lazima ujue jambo moja. Dada alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli kubwa ya mjini. Alianza msichana mdogo na ndoo na brashi, akapanda taratibu mpaka yeye ndiye anayewafundisha wengine kutandika. Kule kazini walimwita Mama Shuka. Walimwita kwa heshima, sikatai, lakini jina likamfuata mpaka nyumbani. Ndugu akioa: "Dada, njoo ututandikie kitanda cha maharusi." Mgeni akija: "Mwiteni Dada, mtu wa mashuka." Hakuna siku hata moja walipomwita aje kuchagua rangi ya ukuta. Sebule zilikuwa za watu wengine, yeye na vyumba, yeye na foronya.

Ndipo wakajenga ile nyumba ya mlimani, nyumba ya kupumzikia mwisho wa wiki. Mama yao alizaliwa huko juu, kwenye baridi, akaolewa bondeni kwenye joto la kukaangia, na utoto wao wote aliwasimulia mlima ule: ukungu unavyoingia ndani kama mtu wa nyumbani, maji yanavyouma meno. Watoto wakaapa. Watoto walipokua, wakajenga. Sasa ilibaki kuipamba, na mama aletwe Jumamosi ile aione kwa mara ya kwanza, alale humo.

Dada alitaka kitu kimoja tu, na alikitaka kama mtoto anavyotaka pipi. Alitaka mama aingie sebuleni, aangalie huku na huku, akae, aguse mahameli kwa kiganja, kisha aulize: "Haya ya nani?" Na mtu ajibu: "Ya mkubwa wako." Basi. Hapo angekuwa ameshalipwa jasho lake lote.

Mdogo wake anayemfuata, yule wanayemwita Injinia ingawa chuo cha uinjinia alikiona kwa nje tu, ndiye aliyesimamia ujenzi. Ndiye pia aliyeandika kwenye kundi la familia kwenye simu: "Kila mmoja alete kitu cha kumheshimisha mama. Tusiambiane, iwe zawadi kwa wote." Wote wakashangilia. Vitanda havikutajwa na mtu. Dada aliliona hilo, msidhani hakuliona. Alisoma ujumbe ule mara mbili, akatabasamu upande mmoja. "Wananitegea," akajiambia. "Kila mtu moyoni anajua vitanda atavileta Mama Shuka. Basi safari hii wavilete wenyewe. Mtegemea cha nduguye hufa maskini." Akaizima simu, akaenda kununua makochi.

Lori lilipofika, Injinia alikuwa ameshasimama mlangoni, kifua mbele, shati la mikono mifupi, meno yote nje. Nyumba ilikuwa nzuri, haki ya mtu apewe. Kuta nyeupe, paa jekundu, sebule pana yenye dirisha kubwa linaloukabili mlima, na ukutani pale mahali pa kuotea moto penye bomba la moshi. Darini alikuwa amefunga feni.

"Feni ya nini huku?" Dada akauliza, huku mikono imemsimama vinyweleo.

"Nyumba bila feni, Dada, ni nyumba hiyo?"

Macho ya Dada yalikuwa yameshaingia ndani, na huko ndani yalikuwa yamekutana na makochi. Makochi ya ngozi, meusi, makubwa kama vifaru wawili waliolala, yameegemea ukuta ule ule aliokuwa ameupanga kichwani kwa wiki nzima. Pembeni yake kabati la vioo la wifi yake, limejaa bilauri za miguu mirefu, zile ambazo mtu huzifuta vumbi lakini hanywei.

"Umeleta makochi," Dada akasema.

"Na wewe umeleta makochi," Injinia akasema, akichungulia lori.

Wakatazamana kama majogoo wawili kwenye jaa moja. Kabla hawajaanza, ikasikika honi barabarani, ndefu, yenye mbwembwe, na hapo walijua ni nani bila kugeuka. Ni kitindamimba wao, wanayemwita Spika. Jina alilipata kwa kuuza redio, na pia kwa sababu sauti yake haina kitufe cha kupunguzia. Gari lake dogo la mizigo lilikuwa limebeba televisheni pana kama mlango, maboksi ya spika, saa ya ukutani yenye ndege anayetoka kila saa kulia, na nyuma kabisa, limefungwa kwa kamba, kochi la kona la kitambaa cha bluu.

"Msinishukuru!" Spika akapiga kelele akiruka chini. Kisha akaona. "Eh. Hii nyumba au duka?"

Haya, walifanya nini? Waliyaingiza yote. Hakuna aliyekubali chake kibaki nje, kwa nini kibaki chake na si cha mwenzake? Injinia alivua shati, Spika aliita "moja, mbili, tatu, nyanyua" hata pale ambapo hakuna aliyekuwa ananyanyua ila Dada. Walipomaliza, sebule ilikuwa imeshiba mpaka kooni. Ukitaka kufika dirishani, unapanda kochi la ngozi, unateremkia la bluu. Meza ndogo za katikati zilikuwa tatu na zote ziko katikati. Lakini Dada alitundika mapazia yake, na hapo hata Spika alinyamaza, jambo ambalo halijatokea tangu azaliwe. Mapazia yaliteremka kutoka juu mpaka chini bila hata kunyanzi moja, mekundu yaliyoiva, yakaifanya sebule ile iwe sebule ya watu wenye neno lao.

"Dada, hapa umetia fora," Injinia akasema, na alisema kwa moyo.

Dada alijishika kiuno. Moyo ulimjaa. Alijiona, ndiyo, alijiona, na nani asingejiona? "Bado mama," akasema. "Mama ndiye hakimu." Kisha, kwa kuwa mtu hawezi kuacha mazoea yake ya kazi, akasema, "Ngoja nikaone vyumba mmevipanga vipi."

Alifungua mlango wa chumba cha kwanza, kile kikubwa, cha mama. Ukuta, dirisha, sakafu. Alifungua cha pili. Ukuta, dirisha, sakafu. Cha tatu kilikuwa na ndoo ya rangi na ufagio. Hakukuwa na kitanda, godoro, shuka wala blanketi. Hata mkeka haukuwemo.

Alirudi sebuleni taratibu.

"Vitanda viko wapi?"

Injinia akamtazama Spika. Spika akamtazama Injinia. Kisha wote wawili wakamtazama yeye, kwa imani kabisa, kama watoto wanaosubiri chakula kipakuliwe.

"Si umeleta wewe?" Injinia akasema.

"Nani aliniambia nilete?"

"Dada! Nani akuambie wewe habari ya vitanda? Ni kama kumwambia samaki aogelee!"

"Nilijua tu!" Dada akalipuka. "Nilijua! Miaka yote Mama Shuka, Mama Shuka! Injinia alete ngozi, Spika alete miziki, Mama Shuka alete magodoro ayabebe kichwani! Mimi sina macho? Mimi sijui kizuri?"

"Kwa hiyo ulijua hakuna aliyetaja vitanda," Injinia akasema polepole, "na ukanyamaza."

Na ni kweli. Alinyamaza makusudi, akiwategea wanaomtegea. Wote walikuwa wametegeana, na aliyenaswa hakuwa yeyote kati yao. Aliyenaswa alikuwa ndani ya gari la wifi, anapanda mlima, bibi wa miaka mingi mwenye mgongo unaosumbua na magoti yanayoitabiri mvua kuliko redio.

"Tushuke tukanunue magodoro," Spika akasema, tayari ameshika ufunguo.

Wakafungua mlango. Ukungu ulikuwa umeshafika. Ulikuwa umekaa barabarani mzito kama pamba, huoni hata lango. Lori lilikuwa limeshaondoka zamani, na mvua nyembamba ilikuwa inaitelezesha njia. Na baridi, jamani! Watu watatu wa bondeni, wamevaa nguo za kupigia picha, wakasimama mlangoni wakitetemeka mashavu. Kumbe hadithi zote za mama walikuwa wanazisikia kwa masikio tu. Hakuna aliyekumbuka kubeba hata sweta.

Kutoka ndani ya ukungu zikajitokeza taa mbili za gari, zinakuja kwa kunyatia.

Wifi alimteremsha mama kwa kumshika mkono. Mama alisimama kwenye ukungu, akavuta hewa kwa pua mpaka mabega yakapanda, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ni ile ile."

"Shikamoo mama!" wakapiga kwaya.

"Marahaba wanangu. Mbona mnatetemeka kama vifaranga? Ingieni ndani."

Na aliingia. Ile ndiyo ilikuwa saa ya Dada, ile aliyoiota nyuma ya lori, na ilikwenda vizuri, nisiseme uongo. Mama alizunguka sebule kadiri makochi yalivyomruhusu. Aliisifu televisheni. Alimcheka ndege wa saa alipotoka na kulia. Alipigapiga ngozi nyeusi, akasema ng'ombe huyu alikuwa na afya. Alipofika kwenye mahameli ya maziwa, Injinia mwenyewe akaichana nailoni haraka, na mama akakaa, akazama, akapitisha kiganja juu ya kitambaa, huku, kisha huku.

"Haya ya nani?" mama akauliza.

"Ya mkubwa wako, mama," Spika akasema. "Na mapazia yale kashona mwenyewe."

"Ala!" mama akasema, macho yamemng'aa. "Mazuri. Mazuri kweli." Kisha akajishika kiuno, akakunja uso kidogo. "Sasa wanangu, nionesheni pa kulala ninyooshe mgongo. Njia imenivunja."

Feni darini, aliyoiwasha wifi kwa bahati mbaya, ikawapulizia baridi.

Dada alipewa alichokitaka, neno kwa neno, na sasa hakikuwa na ladha. Akamwangalia mama yake aliyezama kwenye mahameli, mdogo, mabega yamekunjamana kwa baridi. Makochi hayo hayamfai kulalia mtu wa mgongo ule, yanapinda katikati. Akajua pia kwamba ndugu zake hawawezi, si kwa ubaya, hawajui tu pa kuanzia. Akapiga moyo konde.

"Mama, kaa upate chai kwanza," akasema. "Chumba chako kinaandaliwa."

Chai aliyokuja nayo wifi kwenye chupa ilinywewa kwenye bilauri zake za miguu mirefu, maana vikombe navyo kila mtu alimwachia mwenzake. Kule ndani, Dada alikuwa ameshafunga kanga kiunoni na kukunja mikono.

"Injinia, mbao ulizobakiza za kujengea ziko wapi?"

"Nyuma, chini ya turubai."

"Lete zilizonyooka, na nyundo. Spika, leta meza ndogo zote tatu. Na zulia, lile la chini ya kochi la bluu. Usiongee, leta."

Meza tatu zikapangwa mstari mmoja chumbani. Ile iliyokuwa fupi ikapandishwa kwa matofali. Injinia akazipigilia mbao juu yake, na kwa kazi ya nyundo hana mpinzani, uwanda ukatoka bapa na mpana, hautikisiki. Dada akaukalia, akajirusha, akasikiliza. Haukulia. Zulia likatandazwa juu ya mbao ili zisiume.

"Sasa godoro," Spika akasema. "Tutoe mito ya ngozi?"

Dada aliishika mito ya ngozi. Baridi kama chura, na inateleza. Ile ya bluu ilikuwa ya sponji nyepesi, unaibonyeza mpaka vidole vinakutana. Alijua jibu kabla hajaigusa. Akarudi sebuleni, akamwambia mama, "Mama yangu, sogea kidogo ukae kwa Injinia," na akaanza kuing'oa mito ya makochi yake mwenyewe. Mmoja, wa pili, wa tatu, yote. Makochi ya mahameli yaliyopanda mlima yamekumbatiwa yakabaki mifupa, mikanda na springi nje nje, mbele ya macho ya wifi. Dada hakugeuka nyuma kuyaangalia. Angegeuka angelia.

Kisha akapanda juu ya stuli, akayashusha mapazia.

"Dada, hapana," Injinia akasema. "Mapazia hayo..."

"Mama alale na nini, na feni yako?"

Aliyalaza sakafuni, yamegeuzwa, bitana juu. Alichukua mkasi kwenye mkoba wake, akaukata uzi wa kwanza, na kushona kule kwa jioni na jioni kukafumuka mshono baada ya mshono. Bitana nyeupe ikatoka nzima, pana, safi. Hapo ndipo wadogo zake walipoona kitu ambacho hawajawahi kukiona maishani mwao, ingawa walikuwa wamekitania tangu ujana. Walimwona Dada kazini.

Hakuwa tena yule anayefoka juu ya lori. Mikono yake ilibadilika. Aliipanga mito ubavu kwa ubavu, akaibana kwa goti isibaki hata mwanya, akairusha bitana hewani kwa mkupuo mmoja ikafunguka na kutua juu yake, sawasawa, kama ilikuwa inajua njia. Akainama, akaivuta chini ya mito, akaifunga kwa fundo chini ya mbao, huku, na huku, mpaka mito ile yote ikawa godoro moja ambalo ungeliangushia sarafu ikaruka. Konani alikunja, akashika pembe, akaishusha, akachomeka, kona ikatoka kali kama bahasha mpya. Bitana ya pili ikawa shuka la kujifunika. Mahameli yakaja juu, mkunjo mara mbili, rangi ya damu ya mzee juu ya weupe ule. Foronya akazitoa kwenye mito ya kuegemea, akazigeuza ndani nje upande laini. Kisha akapitisha kiganja kuanzia kati kwenda pembeni, polepole, uso umetulia kabisa, na kila mahali kiganja kilipopita pakalala.

"Dada," Spika akasema kwa sauti ndogo, sijui aliitoa wapi, "kumbe ndiyo hivi."

"Ndiyo hivi nini?"

"Basi tu. Ndiyo hivi."

Dada alirudi hatua moja, akakitazama kitanda. Na hapo, jamani, ikamjia fahari ambayo hakuitegemea, wala hakuipata sebuleni. Hakikuwa na hata kitu kimoja cha kitanda, na kilikuwa kitanda kuliko vyote alivyowahi kutandika. Alikunja pembe moja ya shuka, kama mlango ulioachwa wazi kwa mgeni. "Mwiteni," akasema.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado upo dirishani mama alipoingia, ameshikwa mkono na wifi. Alisimama hapo mlangoni muda mrefu. Wote walikuwa nyuma yake wakimtazama kisogo. Akasogea, akaminya godoro kwa ngumi. Akagusa kona ile kali, akaifuata kwa kidole mpaka chini.

"Kweli nilizaa," mama akasema.

Dada alitazama sakafu. Kutakuwa na watu wanaojua la kufanya wanapoambiwa neno kama hilo. Yeye hakujua.

"Hivi ndivyo mnavyowatandikia watu kule hotelini?"

"Kule kuna godoro la kweli, mama."

"Sikuuliza godoro. Nimeuliza hivi."

"Ndiyo, mama. Hivi hivi."

"Kila siku ya Mungu?"

"Kila siku."

"Na wewe umeshalalia unachokitandika?"

Dada akacheka. "Mama nawe! Mfanyakazi hata kukikalia haruhusiwi. Ukichoka unaegemea ukuta, unaendelea."

"Hata mara moja, kujaribu?"

"Hata mara moja."

Mama alimwangalia mtoto wake, mwanamke mwenye mvi juu ya masikio na kanga kiunoni, mikono mikavu kwa sabuni za miaka. Kisha akaishika ile pembe iliyokunjwa, akaifungua yote.

"Ingia."

"Mama, ni chako!"

"Si ndiyo nasema, ni changu. Kitanda changu, mgeni wangu. Kipana, tutatosha. Vua viatu."

"Mama, watu wananiangalia..."

"Waangalie wajifunze. Ingia, binti."

Sasa mtu mzima akiambiwa "binti" na mama yake, anabaki na umri gani? Dada alivua viatu. Alipanda kwa kuogopa, kama anaiba, akajinyoosha. Bitana ilikuwa baridi kwanza, kisha ikapokea joto lake. Mahameli yakamlalia juu kwa uzito wake mzuri. Mgongo wake, ule wa kuinamia vitanda vya watu, ukagusa mito mahali pote kwa pamoja, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Mama alikuwa anamchomekea shuka pembeni, anachomeka ovyo, linatoka huku akilisukuma kule.

"Mama, hiyo kona..."

"Nyamaza. Nilikufunga nepi mimi."

Spika akaanza kucheka, mama akamtupia jicho moja, akameza. Dada alibaki anatazama dari.

"Sasa nimejua," akasema.

"Umejua nini?"

"Kwa nini walikuwa wanachelewa kuondoka. Miaka yote nasimama koridoni na kitoroli changu, saa imepita, mtu hatoki, natukana moyoni: huyu amekufa humo ndani?" Alifuta jicho kwa pembe ya mahameli. "Kumbe walikuwa hawajafa. Ningekuwa mimi nisingetoka mpaka waniitie polisi."

Hapo walicheka wote, hata mama, wakacheka mpaka Injinia akaegemea ukuta. Kisha mama akazunguka upande wa pili, akajisogeza ndani, akanyoosha mgongo, akashusha pumzi ndefu. Wengine wakaenda kugombania kochi la bluu.

Asubuhi Dada alifumbua macho kwenye mwanga. Dirisha halikuwa na pazia, na ukungu ulikuwa umeondoka. Mlima ulikuwa pale, wote, karibu, bluu juu na kijani chini, mpaka unaona mti mmoja mmoja. Upande wa mama ulikuwa mtupu. Akasikia hatua koridoni, za Injinia, na ile stuli ikikwaruza sakafu nje ya mlango.

"Unakwenda wapi?" ilikuwa sauti ya mama.

"Kumwamsha Dada, mama. Mlima umefunguka, aje auone. Na hatuna kifungua kinywa, hakuna anayejua kuwasha moto ule."

"Mtajua. Rudi."

"Mama, jua limeshapanda!"

"Na lipande. Mgeni wangu hajaamka. Na wewe Spika, mwambie ndege wako wa saa anyamaze."

Dada aliyasikia yote, macho yako wazi, mlima mbele yake. Miguu ilikuwa imeshaanza kuondoka yenyewe kwa mazoea. Akairudisha. Akavuta mahameli mpaka kidevuni, akafumba macho, akatulia kama mtu aliyelala.